Moto Umekufa, Feni Bado Inazunguka

Mpelekee fundi wa Rongo au Oyugis jiko la peleti linalozimika katikati ya kupika, na jambo la kwanza atakalofanya ni kuligeuza kichwa chini, kufungua skrubu za kitako na kutafuta waya uliokatika. Hivyo ndivyo redio, simu na taa za sola zilivyomfunza. Mara nyingine anapata kitu kweli: waya umeachia, anaulehemu, feni inavuma, mteja analipa na kwenda zake. Kesho yake sufuria ya nyoyo haijatokota sawasawa, moto umekufa tena, na fundi anaitwa kanjanja. Kuna swali moja ambalo mteja hakulitaja na fundi hakuliuliza: moto ulipokufa, feni ilikuwa bado inazunguka?

Swali hilo peke yake hugawa shida yote mafungu mawili. Feni ikinyamaza kwanza na moto ukafifia baadaye, tafuta kwenye umeme: betri, plagi, swichi, bodi, feni yenyewe. Moto ukifa kwanza huku feni ikiendelea kumpulizia mpishi moshi usoni, umeme hauna hatia. Hapo shida iko kwenye peleti, kwenye majivu, kwenye njia za hewa au kwenye mkono unaolijaza jiko. Kwa maoni yangu fungu hili la pili ndilo kubwa, na ukubwa wake unatokana na namna majiko haya yanavyouzwa kwa mtumba, kutoka kwa mwenye mmoja hadi mwingine. Anayeuza huuza bati na betri. Peleti hauzi, mafunzo hatoi, na vile vipande vidogo vilivyopotea chini ya kabati lake hajui hata kama vilikuwapo.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia jiko gani, kwa sababu anayetafuta msaada mtandaoni ataonyeshwa jiko jingine kabisa. Kuna jiko la peleti la nchi za baridi, lililoenea kutoka kaskazini-magharibi mwa Marekani katika miaka ya 1980. Lile ni la kupasha nyumba joto. Lina tangi la peleti, skrubu ndefu inayozisukuma motoni chache chache, bomba la moshi linalotoka nje ya ukuta, na vihisio vinavyolizima lenyewe bomba likiziba au mlango ukivuja. Ushauri wa kulitengeneza umejaa kila mahali, na ni mzuri kwa jamaa zetu walio Minnesota. Mtu wa Mbita hana sebule ya kupasha joto.

La kwetu ni silinda ya bati yenye kimo cha ndoo, chumba cha chuma ndani yake, feni ndogo chini au ubavuni, na betri inayochajiwa kwa paneli ya sola au kwa stima. Wazo lake la msingi, kuwasha kwa juu na kuacha moto ushuke, lilianza kufanyiwa kazi na Mmarekani Tom Reed mwaka 1985. Mnorwe Paal Wendelbo alilifikia kwa njia yake mwenyewe na kutengeneza jiko la Peko Pe kaskazini mwa Uganda katika miaka ya 1990. Baadaye kampuni zikaongeza feni. Jiko la Philips likatengenezwa Lesotho, na Mimi Moto la Kiholanzi likaingia Rwanda. BioLite wakauza hapa Kenya jiko linalozalisha umeme wa feni kutokana na joto lake lenyewe, ingawa hilo hula kuni za vijiti. Taasisi ya utafiti wa viwanda ya KIRDI ilikuwa na Gastov, ambalo halina feni kabisa. Nyanza si mgeni wa majaribio haya: utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulijaribisha majiko sita katika vijiji vya huku, ya feni yakiwemo. Moshi ulipungua, lakini hakuna jiko lililofika kiwango cha Shirika la Afya Duniani.

Namna linavyofanya kazi ndiyo ufunguo wa kila kitu, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Peleti hujazwa chumbani na kuwashwa kwa juu. Joto linashuka polepole na kukamua gesi kutoka kwenye peleti zilizo chini ya moto. Gesi inapanda, inakutana na hewa inayoingia kupitia matundu ya juu, inawaka. Kinachowaka chini ya sufuria yako ni gesi ya mti. Mti wenyewe unabaki chini ukigeuka makaa. Jiko linahitaji hewa mbili, kila moja kwa kiasi chake: hewa ya chini, kidogo, ya kuendeleza ukamuaji wa gesi, na hewa ya juu, nyingi, ya kuichoma gesi hiyo. Ukiziba ya chini, gesi haitoki. Ukiziba ya juu, gesi inatoka lakini haiwaki, nawe unapata moshi mweupe mzito wenye kuwasha macho.

Hapo ndipo tunapokutana na kisa kinachowasumbua wengi, nacho si ubovu hata kidogo. Chumba kimoja cha peleti huwaka kama dakika 40 hadi saa moja, kutegemea ukubwa wake na kasi ya feni. Gesi ikiisha, ndimi za moto zinatoweka ghafla na kubaki makaa mekundu chini. Feni inaendelea. Kwa macho ya mtu aliyezoea mafiga, moto umekufa. Kwa jiko, kazi imekwisha. Aliyelinunua dukani alielezwa hivyo siku ya kwanza. Aliyelinunua kwa jirani hakuelezwa na mtu, kwa hiyo anafanya kile ambacho kila mpishi angefanya: anachukua konzi ya peleti na kumwaga juu ya makaa. Peleti baridi zinafunika makaa, zinatoa moshi kwa fujo, na kwa sababu zimewashwa kwa chini badala ya juu, gesi yake haipati moto wa kuichoma. Jiko linajaza jikoni moshi kisha linanyamaza.

Kwa ugali na omena, dakika 40 zinatosha na kubaki. Kwa nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yanayotaka saa mbili hadi tatu, hazitoshi, na hapa hakuna fundi atakayekusaidia. Dawa ni kumwaga makaa kwa koleo kwenye jiko la kawaida la makaa, kuhamishia sufuria huko, kisha kujaza peleti upya na kuwasha kwa juu. Makaa hayo si kidogo: kilo moja ya peleti za mti huacha kati ya gramu 150 na 200 hivi. Mtafiti Mary Njenga na wenzake, waliofuatilia jiko la kukamua gesi katika kaya za Embu, wameandika kuhusu makaa haya kama faida ya pili ya jiko. Kwa nyoyo ndiyo yanayomalizia kazi.

Sasa tuje kwenye peleti. Wanaoziona kwa mara ya kwanza hudhani ni lishe ya sungura, na kwa sura hawajakosea. Ni unga wa mbao au wa mabaki ya mimea ulioshindiliwa kwa nguvu na joto mpaka ukashikana bila gundi. Kiwango cha kimataifa, ISO 17225, kinataka peleti za mti ziwe na unyevu usiozidi asilimia 10. Huo ndio unyevu zinaotoka nao kiwandani. Unyevu zitakaokuwa nao baada ya wiki tatu kwenye gunia lililokaa sakafuni huko Kendu Bay, mwezi wa Aprili, ni habari nyingine. Kando ya ziwa hewa yenyewe ina maji. Mvua ndefu za Machi hadi Mei huleta zaidi, na sakafu ya udongo inapandisha unyevu wake. Peleti iliyonyonya maji hutumia joto la moto kukausha maji hayo kwanza, gesi inatoka hafifu, na moto unaanza kurukaruka kisha kuzima hata kama feni ni mpya.

Kipimo hakihitaji kifaa. Chukua peleti moja uivunje kwa vidole: nzuri hukatika kwa mlio mkavu na ganda lake linang'aa, iliyoharibika hupinda, imefubaa na ina nyufa za kuvimba. Itumbukize nyingine katika glasi ya maji. Iliyoshindiliwa vizuri huzama mara moja, kisha hufumuka polepole ikawa unga. Inayoelea haikushindiliwa vya kutosha. Zilizopata umande zianikwe juani kwenye turubai, zitarudi. Zilizogeuka unga hazirudi, na unga huo usithubutu kuumwaga jikoni, kwa sababu unajaza nafasi kati ya peleti na kuziba wavu wa chini. Peleti huuzwa kwa gorogoro, na muuzaji anapofika mwisho wa gunia, gorogoro yako ina unga mwingi kuliko ya aliyetangulia. Chekeche ya unga wa mahindi inatosha kuokoa jiko zima. Sijui kwa nini ushauri huu hautolewi pamoja na jiko.

Peleti za nini, hilo nalo ni swali la Migori na Homa Bay kuliko la mahali pengine. Huku kuna mabaki ya kila aina. Awendo kuna kiwanda cha sukari cha SONY, Ndhiwa kuna Sukari Industries, na vyote huacha makapi ya miwa. Nyatike kuna mpunga wa mradi wa Lower Kuja, na kwa hiyo pumba. Kila nyumba ina magunzi ya mahindi. Kila mji una mashine ya mbao na rundo la maranda. Mtu akikuambia kwamba vyote ni sawa kwa sababu vyote vinawaka, hajawahi kusafisha jiko. Mti safi huacha majivu chini ya asilimia 1 ya uzito wake. Makapi ya miwa huacha mara kadhaa ya hapo, na pumba za mpunga takriban asilimia 20, maana yake kila kilo inakuachia karibu gramu 200 za majivu ndani ya chumba kidogo. Hewa ya chini itapita wapi?

Makapi ya miwa yana ujanja mwingine. Yakitoka kinuni nusu ya uzito wake ni maji, kwa hiyo anayeyasindika lazima ayakaushe sawasawa, la sivyo peleti zake huuzwa zikiwa tayari zimekufa. Halafu majivu yake, kama ya mabua na nyasi nyingi, yana silika na potasiamu. Vitu hivyo viwili vikikutana katika joto kali huyeyuka na kushikana kuwa vigugu vigumu vinavyong'aa, na vigugu hivyo hukaa juu ya wavu kama vimepigwa welding. Jiko linalowaka vizuri wiki ya kwanza, likazimika baada ya dakika 20 wiki ya tatu, likiwa linalishwa peleti za miwa, litazame hapo kwanza. Vigugu vitolewe jiko likiwa baridi, kwa msumari na subira. Wanaomwagia maji jiko la moto ili vigugu vipasuke hupasua na chumba.

Wengine hawanunui peleti kabisa, wanatumia kilichopo. Magunzi makavu yaliyovunjwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba huenda vizuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu yana majivu machache na huacha nafasi za hewa. Makaa ya kawaida yasiwekwe: feni inayapuliza kama mvukuto wa mhunzi na chuma cha chumba kinaungua. Vijiti virefu vinavyochungulia juu ya mdomo wa jiko vinavuruga hewa ya juu. Maranda matupu, bila kushindiliwa, yarudishiwe lile jiko la kopo ambalo wazee walilishindilia maranda wakiacha tundu la chupa katikati. Lile lilibuniwa kwa maranda na halina feni ya kuyapeperusha.

Baada ya peleti, hewa. Hapa ndipo vipande vilivyopotea huonekana umuhimu wake, na cha kwanza ni vile vidole vitatu vya chuma vinavyoshika sufuria. Vikitoka, mnunuzi hata hajui vilikuwapo. Anaweka sufuria moja kwa moja juu ya mdomo wa jiko, tena sufuria pana ya familia, na mdomo umefungwa. Moto hauna pa kutokea. Unatapatapa pembeni kwa dakika chache kisha unakufa, na feni inaendelea kuvuma. Mteja anarudi kwa fundi na jiko mkononi.

"Limekata tena, fundi."

"Mama, kesho usiniletee jiko peke yake. Niletee na hizo peleti, na sufuria unayopikia."

Fundi anayesema hivyo nitampa kazi yangu. Vipande vitatu vya nondo vyenye kimo cha sentimita moja na nusu hadi mbili, vikichomelewa juu ya mdomo, vinamaliza tatizo ambalo kubadilisha feni mara tatu hakungelimaliza.

Kisha matundu ya juu. Yamulike kwa tochi ya simu ukiwa mahali penye giza: yahesabu, yaliyozibwa na masizi yatobolewe kwa sindano nene au waya. Usijaze peleti mpaka kuyafunika. Acha kama sentimita 3 kati ya peleti na safu ya matundu. Usiwashe feni kwa kasi ya mwisho moto ukiwa bado mchanga, kwani utaupuliza ukazimika kama mshumaa. Anza chini, upandishe baada ya dakika tatu au nne, gesi ikishashika. Na walio Mbita, Rusinga na Muhuru Bay wana adui wao wenyewe: wadudu wa ziwani, wale wanaoinuka kama wingu la moshi juu ya maji na usiku kufuata taa. Jiko lililoachwa chini ya balbu feni ikiwa imewashwa linawavuta. Tundu la hewa hujaa mizoga, mende hufuata mizoga, na mzunguko wa feni unazidi kuwa mzito. Kipande cha chandarua kikifungwa kwenye tundu la kuvutia hewa, kikafuliwa kila wiki, kinatosha.

Kuna wanaosingizia mwinuko. Ziwa letu la Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na mji wa Migori uko juu zaidi, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na ni kweli kwamba feni inasukuma oksijeni pungufu kiasi. Lakini Gisenyi, ambako majiko ya aina hii yalitumika kwa miaka, iko kando ya ziwa Kivu, mita 1,460. Mwinuko utakupunguzia nguvu kidogo ya moto. Hautalizima jiko.

Sasa fungu la umeme, feni inaponyamaza kwanza. Saa ndiyo shahidi wako. Likizimika baada ya muda uleule kila siku, shuku betri, au joto linaloifikia bodi. Likizimika ovyo, leo dakika ya tano, kesho ya thelathini, shuku mguso: plagi, swichi, waya uliolehemiwa vibaya. Ugali ndio kipimo kikali cha mguso. Jiko ni refu na jembamba, mpishi anasonga kwa mikono miwili, sufuria inatikisika, jiko linatikisika, na plagi iliyolegea inaachia kwa sekunde moja. Bodi nyingi zikikatikiwa umeme haziwaki zenyewe, zinangoja ubonyeze. Mpishi ana mwiko mikononi na unga haungoji. Ukisikia jiko linazimika "kila nikisonga ugali" lakini chai halisumbui, usifungue bodi. Kaza plagi, ufunge waya kwenye kishikio kwa uzi wa nailoni, uone.

Betri ipimwe ikifanya kazi, isipimwe ikiwa imepumzika. Betri ya asidi ya volti 12 inaweza kukuonyesha 12.6 ikiwa imekaa, na ukiwasha feni ikashuka chini ya 11 papo hapo. Hiyo imekufa na uzuri wake ni wa mita tu. Majiko mengi ya karibuni yana seli za lithiamu zenye fosfeti ya chuma, volti 3.2 kila moja. Hapa nataka kuwa mkali. Kuna mafundi wanaotoa seli hizo na kuweka za simu au za kompyuta kwa sababu zinafanana umbo. Seli za simu hujaa kwa volti 4.2, zile nyingine kwa takriban 3.6, na bodi ya kuchaji haijui kwamba umeibadilishia. Ama betri haitajaa kamwe, ama itachajiwa vibaya karibu na moto. Jiko linalozimika ni afadhali kuliko hilo.

Joto lina njia yake ya kuua feni, na mara nyingi ni kwa sababu ya ubahili wa mwenye jiko. Anamaliza kupika, anazima feni haraka asimalize betri. Makaa mekundu bado yamo chumbani, hewa iliyokuwa ikipooza kitako imekoma, joto linashuka hadi kwenye plastiki. Baada ya miezi michache mapanga ya feni yamepinda na mafuta ya beringi yamekauka. Feni iachwe izunguke mpaka makaa yatolewe au yapoe. Feni inayolia lakini bado inazunguka inaweza kuokolewa kwa tone moja la mafuta ya cherehani chini ya kile kibandiko cha katikati. Iliyopinda ibadilishwe, feni za kompyuta za volti 12 zinapatikana kwa wauza spea, mradi volti na upana vilingane na uangalie inavuta hewa upande gani kabla ya kufunga skrubu.

Na jambo ambalo wanunuzi hawalifikirii: vifaa vinavyouzwa kwa malipo ya kidogo kidogo vinaweza kuwa na kufuli ndani ya bodi, linalofunga malipo yakikoma. Taa za sola za namna hiyo ziko kila kijiji. Ukinunua jiko la mkopo kutoka kwa mtu, unaweza kuwa umenunua na deni lake. Omba uone ujumbe wa kumaliza kulipa.

Tukiyaacha ya kitako, swali kubwa zaidi ni kama jiko hili lina maisha hapa. Kenya imejiwekea lengo la kila kaya kupika kwa njia safi ifikapo mwaka 2028, wakati sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya nusu ya kaya za nchi zikitegemea kuni. Migori ina sababu zake za ziada za kutaka kitu kingine: mashamba ya tumbaku ya Kuria na kwingineko yamekula kuni za kukaushia majani kwa miongo mingi, na ndipo mwaka 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalipoanza kuwasaidia wakulima wa huku kuhamia maharagwe yenye madini ya chuma. Kwa hiyo hamu ipo. Mnyororo wa peleti ndio unaokatika.

Rwanda ilitufundisha hilo kwa gharama kubwa. Kampuni ya Inyenyeri, iliyoanza Gisenyi mwaka 2010, iliwapa watu majiko mazuri na kuwatoza peleti tu, ikiwa na watu wa kufundisha na kutengeneza. Baada ya takriban muongo mmoja ikafunga. Majiko hayakufa siku hiyo, lakini peleti za uhakika zilikwenda nayo. Malawi nako, katika utafiti mkubwa wa Karonga na Chikhwawa uliochapishwa na jarida la Lancet mwishoni mwa 2016, kaya zilipewa majiko ya feni mawili mawili pamoja na paneli ya sola, na bado nimonia ya watoto haikupungua. Majiko yalihitaji kutengenezwa mara kwa mara, na matumizi yake yakashuka jinsi muda ulivyopita. Hayo yalikuwa majiko mapya, yenye mafundi waliolipwa. Linganisha na moja la mtumba nyuma ya boda boda kutoka Kisii.

Hesabu ya fedha mtu anaweza kuifanya mwenyewe bila kungoja mradi. Kilo ya peleti nzuri ina takriban megajuli 16.5, ya gesi ya mtungi kama 46. Jiko la feni hufikisha kwenye sufuria labda asilimia 40 na kidogo, la gesi kama 55. Ukizidisha, kilo moja ya gesi hufanya kazi ya kilo tatu na nusu hivi za peleti, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 ni kama kilo 21 za peleti. Ikiwa bei ya kilo 21 za peleti, pamoja na nauli ya kuzileta, inazidi bei ya kujaza mtungi, jiko lako halikosi fundi, linakosa sababu. Kwa makaa hesabu ni ya karibu zaidi: kilo moja ya makaa kwenye jiko la kauri ni kama kilo moja na robo ya peleti. Anayetumia magunzi ya shambani mwake, ambayo hayana bei, ndiye naona anafaidika kweli, na sishangai kwamba majiko yanayodumu vijijini mara nyingi ni yale yaliyoacha kula peleti.

Kabla sijafika sokoni, onyo moja lisilo na utani. Ndimi za moto zikishatoweka, makaa yaliyobaki chumbani hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu. Jiko lililozimika lisiingizwe chumba cha kulala kwa sababu eti bado lina joto, hasa usiku wa mvua. Limwagwe makaa nje au lifunikwe nje.

Ukienda kununua, usikubali kuonyeshwa feni ikizunguka. Feni inayozunguka mezani haithibitishi kitu. Nenda na kilo moja ya magunzi makavu au peleti ulizozichagua mwenyewe, nenda na sufuria unayopikia nyumbani, na uombe liwashwe mbele yako mpaka ndimi za moto ziishe zenyewe. Tikisa jiko kama unayesonga ugali. Baada ya hapo lipoe, litolewe majivu, umulike ndani. Ukiona mwanga unapita ukutani mwa chumba mahali pasipo tundu, au chuma kimepinda mpaka kimeachana na mdomo, rudisha pesa mfukoni hata kama bei imeshuka nusu. Feni inapatikana, betri inapatikana, vidole vya sufuria vitachomelewa. Chumba kilichotoboka hakina spea, na muuzaji anajua. Ndiyo maana utamkuta amelijaza peleti kabla hujafika.